Mashine ya Kuvuta Ndege Iliyokaa Gikondo

Mwanangu, iko siku moja haijawahi kunitoka kichwani, na leo nimeona nikusimulie. Umeingia hapa Biryogo na furaha yako, leseni ya uwakala wa forodha mkononi, unaniambia shangazi nifurahi nawe. Nimefurahi. Lakini kaa kwanza unywe chai, kwa sababu kazi uliyoipata ndiyo niliyoifanya mimi ujanani, na kuna jambo hawatakufundisha kwenye semina zenu.

Mimi nilijifunza kazi kwa Mzee Burhani. Hukumkuta. Alikuwa na chumba kimoja cha ofisi pale Nyamirambo, juu ya duka la fundi cherehani, na hakuna wakala katika mji huu aliyejua kitabu cha ushuru kama yeye. Nyinyi leo mnabonyeza kompyuta, inawaletea namba. Yeye alikuwa akiambiwa bidhaa, anafumba macho kidogo, kisha anakwambia inaingia kundi gani na kwa nini isiingie kundi jingine. Nilimpenda mzee yule kama baba. Mimi ndiye niliyembebea faili, nikamwandalia maelezo, nikakaa pembeni kumsikiliza akibishana, na nilidhani hakuna kazi nzuri kuliko ile.

Wakati huo kaka yangu Saidi, yule unayemwona kwenye picha pale ukutani, alikuwa anafanya kazi Kanombe, kwenye uwanja wa ndege, katika kampuni binafsi ya ndege ndogo za mizigo. Kampuni yenyewe ilikufa zamani. Saidi na wenzake ndio waliozisukuma ndege zile kuingia na kutoka kwenye banda. Walikuwa wanatumia pikapu ya zamani na chuma kirefu, upande mmoja umefungwa kwenye pikapu, upande mwingine kwenye gurudumu la mbele la ndege. Pikapu haikuundwa kwa kazi hiyo. Saidi alikuwa akirudi nyumbani jioni anamwambia mama, kwa mzaha wake, kwamba ile gari ina akili yake, ukiisimamisha inafikiria kwanza kama itakubali.

Basi mwenye kampuni, Bwana Evariste, akaagiza mashine ya kweli. Ilikuwa fupi, pana, nzito kama jiwe, imetengenezwa kuvuta ndege na si kitu kingine. Iliposhuka Gikondo kwenye bohari ya forodha, kazi ya kuitoa akapewa Mzee Burhani. Saidi alifurahi sana siku hiyo. Alinitania kwamba sasa mdogo wake ndiye bosi wake, asipopata mashine atajua wa kumkamata.

Mzee Burhani aliiandika kwenye kundi la vigari vya kazi, vile vinavyovuta mizigo ndani ya stesheni, bandarini na kwenye viwanja, haviendi mbali. Afisa aliyekagua, Madamu Consolata, mwanamke mpole mwenye msimamo, akakataa. Kwake yeye hiyo ilikuwa trekta kamili, na trekta zina kundi lake na ushuru wake.

"Mzee, angalia uzito huu, angalia injini," akamwambia. "Hii iko trakteri."

"Oya, madamu," mzee akakataa. "Usiniulize injini. Niulize inafanya kazi wapi. Haitoki nje ya uwanja hata siku moja."

Walibishana pale uani, na mimi nasikiliza kwa raha, kama mtu anayeangalia mpira timu yake inacheza vizuri. Ukweli ni kwamba hoja ya mzee ilikuwa nzuri, na ya madamu haikuwa ya kijinga pia. Vitu vya aina hiyo vinakaa mpakani kati ya makundi mawili, utakutana navyo. Mwishowe madamu akasema shauri liende juu kwa wakubwa, wao waamue. Kisha akaongeza neno ambalo nataka ulisikie vizuri.

"Lakini mzee, mashine isikae hapa bure. Wekeni dhamana ya benki, muitoe ifanye kazi. Nyinyi mkishinda, dhamana inarudi."

Mzee Burhani akatikisa kichwa. Akamwambia hapana, ikae. Tulipokuwa tunashuka kurudi ofisini nikamuuliza kwa nini. Hakunikasirikia. Alinieleza kwa upole, kama alivyonieleza kila kitu, kwamba akiweka dhamana watu watasema alikuwa na wasiwasi na hoja yake, na kwamba mashine ikishatoka hakuna mkubwa atakayefanya haraka kusoma shauri lake. Ikibaki pale imekaa, itawachoma macho mpaka waamue. Alitaka jina lile liwekwe sawa mara moja, ili kila mashine ya namna ile itakayokuja baadaye iwe na njia yake. Bwana Evariste naye hakutaka kufunga fedha benki, kwa hiyo akakubali upesi. Niliona ni busara. Mimi nilikuwa nani hata nimpinge?

Mvua za masika zikaanza. Mashine ikakaa Gikondo chini ya turubai. Kila tulipokwenda kuulizia tuliambiwa bado. Nyumbani Saidi akaacha mzaha. Akaniambia breki ya mkono ya ile pikapu sasa haishiki kabisa, wanaweka mawe nyuma ya magurudumu, na lami ya pale mbele ya banda ina mteremko, ikilowa inateleza. Hakuwa mtu wa kulalamika. Nikampelekea mzee habari hiyo kama nilivyoipata.

Alikuwa anaandika. Akainua uso. "Mwambie kaka yako avumilie kidogo, Zaituni. Tumekaribia sana. Tukilegea sasa tumepoteza yote."

Nikaenda nikamwambia Saidi avumilie. Akaniitikia, "Yego, bosi," akacheka kidogo.

Asubuhi ambayo wenzake Saidi walinipigia simu ilikuwa na mvua nyepesi. Saidi alikuwa ameinama kufunga kile chuma kwenye gurudumu la ndege, na mwenzake ameshuka kwenye pikapu kwenda kutafuta jiwe. Pikapu ikaanza kushuka yenyewe, kinyumenyume. Haikwenda kasi, walivyonieleza. Ilikwenda polepole tu, na yeye alikuwa katikati. Wakamwita, akainua kichwa, akakosa pa kupita. Alifariki kabla hawajafika naye hospitali.

Tulimzika siku hiyohiyo. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, Mzee Burhani akaja pale tulipokaa wanawake. Akavua viatu mlangoni, akapiga magoti mbele ya mama yangu, mtu mzima vile, akampa pole. Mama hakulia. Alikuwa ametulia kwa namna iliyonitisha.

"Mzee Burhani," akasema. "Hiyo mashine iko wapi sasa?"

"Iko Gikondo, Mama Saidi."

"Inafanya nini huko?"

Mama akamsubiri. Hakumwuliza tena wala hakumwondolea macho, mpaka mzee akainuka mwenyewe, akavaa viatu vyake, akatoka.

Uamuzi ulikuja tukiwa bado tuna matanga ndani ya nyumba. Mzee Burhani alishinda. Wakubwa walikubaliana naye: kigari cha kazi, si trekta. Niliposikia, mwanangu, sikurudi ofisini. Nilikaa na shangazi zangu waliokuwa wakishona nguo, nikishona vifungo na kupiga pasi, na mtu akitaja neno forodha natoka nje.

Siku moja Mzee Burhani akaja kunitafuta. Akaniomba twende naye Kanombe, akasema kuna kitu anataka kukiona na hawezi kwenda peke yake. Sijui kwa nini nilikubali. Tukasimama nyuma ya uzio, tukaiangalia ile mashine ikivuta ndege. Ilisogea taratibu, ikasimama pale dereva alipotaka isimame. Palepale, kwenye mteremko uleule. Ilikuwa kazi rahisi sana kwake.

Mzee Burhani aliangalia mpaka ndege ikaingia bandani. Kisha akasema, "Niliandika mambo mengi kuhusu kazi ya hii mashine, na sikuja hapa hata mara moja kuona wanaoifanya kazi hiyo bila yake. Nilijua inaitwaje. Sikuuliza nani anaisubiri." Uso wake ulikuwa umelowa. "Wewe uliniambia, Zaituni. Nikakwambia avumilie."

Sikuwa na huruma ya kumpa siku ile, na sitakudanganya kwamba ilinijia baadaye yote. Nilirudi kazini kwa sababu tulihitaji kula, na kwa sababu hakuna aliyeijua kazi kama yeye. Lakini hakuwa mtu yuleyule. Mteja akija, kabla ya kumuuliza bidhaa ni nini, alimuuliza ni nani anayeihitaji na anatumia nini kwa sasa. Wateja walimwona amezeeka. Alifariki miaka michache baadaye, na mama yangu alipeleka chakula msibani kwake. Mimi nilisimama mlangoni.

Basi mwanangu, nakwambia hivi. Jifunze makundi ya ushuru vizuri, ubishane kwa haki, usikubali kitu kiitwe jina lisilo lake kwa sababu afisa amekunja uso. Hiyo ndiyo kazi yako. Lakini kila mzigo unaokaa kwenye bohari una mtu upande wa pili anayefanya kazi bila huo mzigo. Mjue mtu huyo. Nenda ukamwone kwa miguu yako. Kama sheria inakupa njia ya kuutoa mzigo huku shauri likiendelea, utoe, hata kama utaonekana mnyonge, hata kama mteja wako ananuna. Na mtu mdogo akikuletea habari kwamba kuna hatari mahali, usimwambie avumilie. Mimi nililibeba neno hilo mpaka nyumbani kwetu, najua uzito wake.

Mungu akufungulie kazi yako, akupe akili ya kushinda na moyo wa kusikia. Akulinde wewe, na awalinde wale usiowajua wanaokungoja. Wote warudi makwao jioni wakiwa wazima.