Uzi Mwekundu Mkononi mwa Mume Wangu

Dini ya Wahindu niliijua kwa sababu ya wivu. Wengine huanza na vitabu. Mimi nilianza na mkono wa mume wangu.

Ilikuwa Agosti ya 2013, kiangazi cha Kasulu, vumbi jekundu limeingia hadi kwenye droo ya cherehani yangu. Mume wangu alikuwa mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi la Mhindi mmoja na mkewe. Wahindi Waislamu mjini tuliwazoea. Hawa walikuwa Wahindu, wametoka Tabora, na hawakuwa wamemaliza hata mwaka. Bwana alikuwa mtu wa safari, kila mara yuko Mwanza kufuata mabati. Mkewe ndiye aliyekaa kaunta, na mume wangu ndiye aliyekuwa naye kutwa nzima.

Jioni moja akarudi na alama nyekundu kwenye paji la uso, punje mbili za mchele zimeganda juu yake. Mkono wa kulia ulikuwa na uzi mwekundu uliosokotwa na wa njano, katikati una shanga moja inayong'aa.

"Nini hicho?"

"Mama wa dukani kanifunga. Mambo ya dini yao."

Akaenda kuoga. Alama ikatoka, uzi akarudi nao.

Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na mimi nilimpendea hilohilo. Wiki ile nililichukia. Sikuuliza tena kwa sababu kuuliza tena kungemwonyesha kwamba naumia, na mimi sikutaka aone. Lakini nilikuwa naumia. Mimi ni fundi cherehani, uzi ni kazi yangu, na fundo lile lilifungwa na mtu asiye na haraka, aliyekishika kiganja cha mume wangu mpaka akamaliza.

Kuna mama mmoja Mkongomani aliyekuwa akitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwa kibali, anakuja kununua nyuzi na vipande vya vitenge kwangu. Yeye alimwona mume wangu akipita, akasema, "Mama, ile kamba ya bwana yako, ni nani alimufungiya?"

Nikamwambia ni tajiri yake wa kike.

"Umuangaliye muzuri. Kwetu, mwanamuke akikufungiya kitu ku mukono, njo umekwisha."

Hakuhitaji kuongeza. Nilikuwa nimeshaongeza mwenyewe usiku na mchana.

Basi nikaamua kuichunguza dini yenyewe, nijue ni kitu gani kimefungwa nyumbani kwangu. Bahati, yule mama wa dukani alikuwa anatafuta mtu wa kumshonea blauzi fupi za kuvalia sari. Nikajipeleka na utepe wangu wa kupimia. Nilipima bega moja kwa nusu saa.

Kizingitini kwake palikuwa na maua yaliyochorwa kwa unga wa mchele, chini kabisa, kuku wanadonoa. Moyoni nikasema, wenzake wanahangaika na mihogo huko Heru Juu, huyu anamwaga unga mlangoni. Akaniambia, bila mimi kumtuhumu, kwamba ni kwa ajili ya kukaribisha heri, na kuku na sisimizi wakila ni sawa, nao wamekaribishwa. Juu ya mlango kulikuwa na msalaba mwekundu uliopindwa ncha. Huo ni wa baraka, akasema, hata daftari jipya la duka huchorwa huo kwanza. Kwenye kopo la rangi palikuwa na mmea ambao mimi naujua kama ndugu wa kivumbasi, sisi tunafukuzia mbu. Yeye aliumwagilia kila asubuhi na kuusalimia kwa viganja viwili.

Kabatini, kati ya sufuria na redio, alikaa mungu mwenye kichwa cha tembo, tumbo nje, panya miguuni. Nikataka kucheka, nikashindwa, kwa sababu mbele yake paliwaka kijitaa cha pamba na samli, na uso wa yule mama ulipokiangalia ulikuwa umetulia sana.

"Huyu huondoa vizuizi," akaniambia.

Nikajiuliza kama kizuizi ni mimi.

Kila nilipokwenda nilirudi na alama moja mpya, na kila alama ilizidi kunichoma. Ule unga mwekundu kwenye mstari wa nywele ulisema ana mume. Shanga nyeusi shingoni zilisema ana mume. Bangili, pete za vidole vya miguu, vyote vilisema hilohilo. Mimi nilikuwa na pete moja tu, niliyoivua tangu nilipompata mtoto wa pili kwa sababu ilinibana. Mwanamke aliyevaa ndoa kuanzia utosini hadi vidoleni, bado akamfunga na wangu? Nilimwonea wivu kwa vitu vyake, kisha nikamwonea wivu kwa kuvijua maana yake. Nilimwuliza kila kitu mle ndani, isipokuwa uzi. Niliogopa atanijibu.

Jumapili moja tumetoka kanisani, tumekula ugali na dagaa wa Kigoma, mume wangu akalala mkekani uani, mkono wa kulia umenyooka. Nikachukua mkasi wangu mkubwa wa kukatia vitambaa. Haikuchukua hata sekunde. Uzi nikautia kwenye kopo la vifungo, nikaendelea kuosha vyombo.

Alipoamka aliangalia mkono. Akaniangalia mimi. Kisha akauangalia mkasi, ambao kwa upumbavu wangu niliuacha pale juu ya kigoda. Akavaa viatu akaenda kumwangalia jirani mgonjwa. Siku tatu nilisubiri ugomvi. Ningefurahi kugombana.

Siku ya nne yule mama akaja mwenyewe kuchukua blauzi zake. Akakaa kwenye benchi, akazisifia mikono, akaniambia nimemshonea vizuri kuliko fundi wake wa Tabora. Wema wake ukanipandisha hasira, nikajikuta nimesema, "Mama, ule uzi uliomfunga mume wangu ni wa nini?"

Alishangaa. "Hakukuambia? Ile ni rakhi. Kwetu iko siku moja kwa mwaka, dada anamfunga kaka yake uzi, anamwombea uzima, na kaka anaahidi kumlinda dada. Mimi nilikuwa na kaka mmoja tu. Alifariki Tabora. Mwaka jana niliufunga uzi kwenye picha yake." Akanyoosha blauzi mapajani kwake. "Mwaka huu nikamwomba mumeo. Nikamwuliza, mkeo hatakasirika? Akasema, mke wangu mwelewa. Basi wewe sasa ni wifi yangu."

Kopo la vifungo lilikuwa karibu na goti lake.

"Aliniambia umekatika siku walipokuwa wanashusha nondo," akaendelea. "Aliomba radhi sana. Nikamwambia, ukikatika kazini si vibaya."

Nilimfungia blauzi zake kwenye gazeti.

Jioni nikamwuliza mume wangu kwa nini hakunieleza. "Uliuliza ni nini, nikakuambia," akajibu. "Hukuuliza tena." Hayo tu. Alimdanganya dada ambaye yeye mwenyewe ametoka kumwahidi ulinzi, ili kuniokoa mimi, kisha akala chakula chake kama kawaida.

Ungedhani wivu uliisha. Uliondoka kwa mume ukahamia kwingine. Mimi nina kaka watatu Kibondo, wazima, na sijawahi kumfunga hata mmoja wao chochote. Tunaonana msibani, tunaulizana habari za mvua. Yule mama, kwa uzi wa urefu wa kiganja, alikuwa na kaka kuliko mimi.

Mwaka uliofuata siku ile ya rakhi iliangukia Jumapili, naye akaja kwetu na sinia la shaba: taa, unga mwekundu, mchele, vipande vya peremende ya maziwa. Akanipa nimshikie sinia. Akamzungushia mume wangu taa usoni, akampaka alama, akamlisha peremende. Kisha akachukua uzi. Nilikuwa na wivu bado, nasema kweli, na kopo la vifungo lilikuwa pale rafuni.

"Ukaze, wifi," nikasema. "Ule wa mwaka jana haukukatikia kwenye nondo. Niliukata mimi, kwa mkasi, amelala."

Mume wangu akainamisha macho. Wifi hakuniangalia. Alikuwa ameanza fundo. Akalifungua taratibu, akaniambia niweke sinia chini, nimshikilie uzi kwa kidole pale unapopishana, usilegee.

Nikaweka kidole, naye akafunga.