Mrithi wa Mandewa

Abdulhamidi ni fundi cherehani pale Mandewa, mjini Singida, na ni mfalme. Usicheke mbele yake. Akina mama wanaomletea mashine zilizogoma humwambia, "Mfalme, inaruka nyuzi," naye huipokea kwa mikono miwili, mgongo umenyooka, kana kwamba anapigwa picha. Kwenye shughuli hukalishwa kiti cha mbele na kupakuliwa pilau kabla ya wengine. Raha hiyo ameizoea, tusifichane.

Hadithi yake mji mzima unaijua. Mwaka sitini na nne, baada ya mapinduzi ya Unguja, Bi Mwantum, aliyekuwa mpishi huko, alirudi Singida kwa kaka yake Mohamedi na mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Alisema ni mtoto wa jumba la kifalme, ameachwa kwenye purukushani, mama yake hajulikani alipo. Mohamedi, mtu wa dini na wa hasira za karibu, akampokea mtoto kama amana. Watu wakaongeza chumvi: eti ndiye mrithi aliyepotea, eti siku moja watakuja kumchukua.

Hakuja mtu. Abdulhamidi akakua, akajifunza ufundi, na hamu yake ikabaki moja tu, kumjua mama aliyemzaa. Bi Mwantum alimlea vizuri, hilo halina ubishi, ila kwa adabu ya mbali. Alipobalehe tu, yule mama akaanza kujifunika mtandio mbele yake, kwa kuwa si damu yake. Nywele zake hakuziona tena.

Bi Mwantum alifariki miaka minane iliyopita, wakati Mohamedi amekwishatangulia bila mtoto. Makaburini shehe akauliza maharimu wako wapi, maana mwanamke hushushwa kaburini na watu wa damu yake. Abdulhamidi akajibu kwa sauti, "Hakuna, shehe. Hakuzaa." Basi akashushwa na majirani wawili, muuza mkaa na fundi baiskeli. Mfalme alisimama pembeni.

Mwezi uliopita vijana wa mtaani walimrekodi kwa simu akiomba yeyote anayejua habari za mama yake amwambie, kabla naye hajafa. Video ikazunguka hadi Kiomboi, kwa Bi Saada, rafiki wa Mwantum tangu usichana. Macho ya Bi Saada yamekwisha, lakini masikio yapo. Akaagiza aitwe upesi.

Abdulhamidi akapiga pasi kanzu, akapanda basi la asubuhi, moyo ukimwenda mbio. Alimkuta bibi kitandani, akampa shikamoo, akaitikiwa.

"Hakuna jumba, mwanangu," Bi Saada alisema. "Mwantum alikuzaa mwenyewe, nje ya ndoa. Mohamedi angewafukuza wote wawili. Mimi ndiye niliyemshauri aseme vile. Tulidhani ni uongo wa wiki mbili."

Abdulhamidi aliufikiria ule mtandio. Mama amejifunika mbele ya mwanawe miaka arobaini na zaidi, jiko likiwaka, homa ikimtetemesha. Hasira ilimpanda, lakini hakujua amkasirikie nani.

"Mbona hakuniambia Mohamedi alipokufa?"

"Alikuona umeshakaa kiti cha mbele. Akaogopa kukuinua."

Bi Saada akaupapasa mkono wa mgeni wake juu ya blanketi. Alisema kuna jambo moja tu linalompa usingizi miaka yote hii. Siku ya mazishi wanawake walibaki nyumbani, hakuona kilichotendeka makaburini, ila alijua Abdulhamidi yuko kule, na hata wakimwita mlezi tu, hawezi kuachia wengine kazi ile.

"Ulimshusha wewe, si ndiyo?"

Abdulhamidi akaushika ule mkono mkavu kwa mikono yake miwili.

"Ndiyo, Bi Saada. Nilimshusha mimi."

Bibi akashusha pumzi, akaomba maji ya kunywa.