Shubiri ya Mama Mkwe

Kila muhula nikisahihisha insha lazima nikutane nayo: maisha yalikuwa machungu kama shubiri. Wanafunzi wangu huipachika popote, hata kwenye insha ya siku ya michezo. Nikiwauliza ni nani kati yao amewahi kuilamba, darasa zima linanikodolea macho. Basi msiitumie, nawaambia, na kalamu nyekundu inapita juu yake. Wanadhani mwalimu wao ni mkali tu. Kamusi ya shuleni inaanza na mmea, inaingia kwenye ladha, kisha inamalizia na majonzi. Mimi vyote vitatu nilivipata kwa siku moja, na hasira yake haijanitoka.

Mmea wenyewe hauna makuu. Kwa mama mkwe wangu huko Shinyalu umejipanga nyuma ya banda la kuku, majani manene yenye miiba kandokando. Kuku wakianza kusinzia, anakata jani na kulitia kwenye maji yao ya kunywa. Tumbo likimsumbua mtu, ni jani hilo hilo. Na mtoto akiachishwa ziwa, nyanya ndiye anayekata, nyanya ndiye anayepaka chuchu. Kwa ukoo wa mume wangu, mama wa mtoto haulizwi.

Kifungua mimba wangu alikuwa hajaanza kutembea. Tulikwenda kuwasalimia likizo ya Agosti, mtoto akaharisha. Mama mkwe akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akaamua nina mimba nyingine. Wanaamini kwamba maziwa ya mwenye mimba humdhuru anayenyonya. Nikamwambia sina mimba. Nikamweleza kwamba siku zangu nimeziona juzi tu. Nililitamka jambo hilo mbele ya shemeji zangu wa kiume, uso ukiniwaka kwa aibu, na hakuna aliyelitia maanani.

"Maziwa ya mimba inaharibunga mtoto," akasema. "Na nyinyi wasichana wa siku hizi mnafichanga."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anapukuchua mahindi, macho chini, kana kwamba gunzi ndilo lililoulizwa. Akasema niache tu mama afanye. Mwanamume mzima, baba wa mtoto!

Akapaka. Utomvu ule wa manjano ulikuwa baridi, ukachuruzika hadi kwenye sketi. Kisha akaniwekea mtoto mapajani. Mwanangu akaja na kinywa wazi kama kawaida yake, akavuta, akaachia. Hakulia papo hapo. Kwanza alinitazama, mimi, wala si nyanyake aliyesimama hapo na jani mkononi. Kisha ndipo akalia.

Nilikwenda bafuni nikajisugua kwa sabuni ya kipande mpaka ngozi ikawasha. Niliporudi kumpa, aligeuza uso. Hakunyonya tena. Shule zilipofunguliwa, maziwa bado yalikuwa yananilowesha blauzi mbele ya darasa, na mwenye maziwa yuko nyumbani anakunywa uji. Mimba haikuwapo. Miezi ilipita, tumbo langu likabaki vile vile, na mama mkwe hakusema hata pole. Mume wangu alisema yaliyopita si ndwele. Ingekuwaje ndwele kwake, yeye aliyekuwa anapukuchua mahindi?

Siku hizi mama mkwe anaishi nasi hapa Kakamega mjini, kwa sababu tumbo linamsumbua na kule hana wa kumwangalia. Vidonge vya hospitali anavimeza, lakini imani yake iko kwenye shubiri. Alikuja na mche wake, tukaupanda kwenye karai kuukuu nyuma ya jikoni. Ni mimi ninayemkamulia kila asubuhi, jinsi anavyotaka mwenyewe.

Jana alionja, akakunja uso, akarudisha kikombe.

"Mwanangu, niwekee sukari kidogo. Leo hii imekuwa kali."

"Mjukuu wako hakuwekewa sukari, Mama."

Akanitazama. Mimi pia nikamtazama. Kisha akafungua kinywa, nami nikamshikia kikombe mpaka akamaliza.