Ndoo ya Mbegu Niliyoisafisha

Hata leo, nikifungua gunia la viazi vya Masereka na ile harufu ya udongo mubichi ikanipiga puani, nacheka peke yangu pale sokoni. Wateja wanafikiri nawacheka wao. Hapana, ndugu zangu. Nacheka ndoo moja niliyoibeba kichwani nikiwa na miaka kumi, mwaka wa ine wa masomo, hapa Butembo.

Mwalimu wetu alikuwa ametoka Kasai. Swahili yake ilikuwa inachechemea, na sisi tulikuwa tunamuiga wakati wa kucheza. Lakini tulimupenda sana, kwa sababu hakutaka tuimbe somo kama kasuku. Alikuwa anasema, “Kile mukono iligusa, kichwa haiwezi kusahau.” Basi akaomba kipande cha uwanja nyuma ya darasa ili tujifunze mimea kwa kupanda viazi. Direkta, mukubwa wa masomo yetu, alikubali shingo upande, maana wazazi wengine walikuwa wananung’unika kwamba hawakutuma batoto masomo wakalime. Akasema mbele yetu sote, “Siku ya mukutano ya wazazi, kama hakuna kitu inaonekana hapa, jembe zinarudi kwenu. Mutabaki na ubao tu.”

Mama yangu alikuwa anauza viazi, basi mbegu nikaiahidi mimi. Shangazi akatuma ndoo moja kutoka Masereka. Nilipoifunua nilishikwa na haya. Viazi vilikuwa vimenyauka, na kila kimoja kimetoa chipukizi jeupe kama jino la mutoto. Sasa, mujue kwamba kila asubuhi kazi yangu nyumbani ilikuwa kuvunja machipukizi kama hayo na kupangusa viazi, maana Mama alikuwa anasema, “Muteja anakulaka na macho kwanza.” Nikakaa chini, nikavunja yote, moja baada ya lingine. Kisha nikaosha.

“Ee, Kavira!” Mwalimu akashangilia. “Mbegu yako inang’aa kama viatu ya padri!”

Tukapanda. Juma la kwanza, hakuna kitu. La pili, hakuna kitu. La tatu, Kambale, ambaye baba yake ni mulimaji, akaniuliza kama mbegu ilikuwa na chipukizi.

“Ilikuwa nayo. Nilivunja yote.”

Akashika kichwa. “Mama yangu! Kavira, uliua mbegu! Ile ndiyo roho yake!”

Toka siku ile nilikuwa na woga. Kichwani niliona jembe zikirudishwa na darasa zima likinitazama. Zilipobaki siku tatu kabla ya mukutano, nikaenda kwa Mwalimu nikilia, nikamwambia yote. Aligusa kidevu na chaki, ikamuachia alama nyeupe.

“Hapana lia,” akasema. “Twende tuulize kiazi yenyewe.”

Darasa zima likatufuata. Akapiga magoti karibu yangu, suruali yake ya kazi ndani ya udongo, akaniambia nichimbe polepole na vidole. Nikakigusa kiazi. Kilikuwa kigumu, hakikuoza. Nikapangusa udongo, na pale nilipovunja chipukizi moja palikuwa na machipukizi mane, manene, yanapanda juu. Moja lilikuwa limebakiza unene wa kidole tu kufika kwa jua.

“Aa, hii kiazi ni kichwa nguvu!” Kambale akapiga kelele. “Unaivunja moja, inakuletea ine!”

Nilicheka na kulia pamoja, makamasi mpaka mudomoni. Siku ya mukutano, mustari mmoja na nusu ulikuwa umetoa majani. Direkta akainama, akashika jani moja kana kwamba anapima kitambaa, akasema tu, “Muendelee.” Moyo wangu ukakaa tena mahali pake.

Miaka ilipita. Siku moja Mama akanisimulia kwamba jioni ile tuliyochimba, Mwalimu alifika kwa meza yake sokoni kumuuliza kiazi kinaota namna gani. Kwao wanapanda muti wa muhogo, na kiazi alikuwa hajakipanda hata siku moja.

Mimi nilidhani alinipeleka kuona kitu alichokijua. Kumbe aliponiambia nichimbe, hakujua kama vidole vyangu vitaleta uzima ao uozo, na bustani ile ilikuwa jina lake mbele ya direkta na wazazi. Aliogopa kama mimi. Hata hivyo alipiga magoti mbele ya batoto wote, akangoja nimuonyeshe.