Dua kwenye pipa la taka

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya shangazi yangu.

Amevuka kutoka Pate asubuhi, akafika kwangu Mkomani, hapa Amu, hata kuketi akakataa.

"Mwanangu Athmani amekukosani? Amekuandikia kuwa anapasuliwa, hata pole hukumpa!"

Wallahi sikuona barua pepe yake hata moja. Nikafungua kompyuta mbele yake ili aamini, nikatafuta jina la Athmani.

Zote ziko kwenye pipa la taka. Hazijafunguliwa.

Ndipo nikakumbuka. Ramadhani nilichoshwa na zile barua za "sambaza dua hii kwa watu kumi, la sivyo utajuta." Nikaiwekea programu kanuni: barua yoyote yenye neno "dua" itupwe moja kwa moja.

Sasa niambieni, nani hapa Amu humaliza barua bila kuomba dua?

Ya mwisho tuliisoma pamoja: "Kesho napasuliwa. Hujanijibu, si neno. Niombee dua tu."

Shangazi akavuta buibui lake, akatoka bila kuniaga. Athmani amepona, alhamdulillahi, lakini simu yangu hapokei.

Kanuni nimeifuta. Zilizobaki pipani naogopa kuzisoma.

Nani mwingine aliniomba dua nikamtupa?