Jumuiya Yetu Inagombania Mtakatifu, Bibi Felista Anakosa Komunyo

Admin, jina langu lifiche na mtaa usiutaje, andika Gongo la Mboto tu inatosha. Mie ni mama wa miaka arobaini na nne, nina mume na watoto watatu, na huu ni mwaka wa sita nikiwa katibu wa jumuiya yetu ya Kikatoliki. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Kwa wasiojua, jumuiya ni familia za majirani zinazokutana kusali kila Jumamosi asubuhi, leo kwangu, wiki ijayo kwako. Yetu ilijaa mpaka watu wakawa wanasali njiani na bodaboda zinawapigia honi. Paroko, ambaye ni mgeni hapa, akaja akasema tugawanyike mara mbili, mtaro uwe mpaka. Upande mmoja ubaki na jina la somo wetu, Mtakatifu Monika, wa pili uchukue Mtakatifu Simoni. "Nani abaki na Monika, mtaelewana wenyewe, nyie ni watu wazima," akasema, akaondoka zake. Masikini padri wa watu, alituheshimu bure.

Mwenyekiti wetu ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Anakaa upande wa juu wa mtaro. Makamu wake ni mzee mmoja mstaafu, yeye yuko upande wa chini. Hao wawili ndio wamekuwa wakituongozea rozari miaka yote, wote wana mvi, wote wana wajukuu. Wifi akasema, "Waanzilishi ni sisi, Monika habanduki huku juu." Mzee naye akajibu kwamba sanamu ya Monika iko sebuleni kwake na haitoki. Basi ikawa vita. Watu wanapishana sokoni hawasalimiani. Kuna mama alirudisha kitenge cha sare kwa kukitupa juu ya uzio. Na Simoni wa watu hakuna anayemtaka, eti hajulikani! Mtume wa Yesu, jamani, anabaguliwa Gongo la Mboto kama mpangaji asiye na kitanda. Nawadharau, nasema wazi. Jumapili wanapanga mstari wa komunyo mikono kifuani, macho chini, utadhani malaika.

Sasa sikilizeni kilichonileta. Kila mwezi katibu anapeleka parokiani fomu ya wagonjwa, ili Ijumaa ya kwanza padri awapelekee komunyo nyumbani. Juu ya fomu unaandika jina la jumuiya, chini mwenyekiti anasaini. Mgonjwa wetu ni mmoja tu, Bibi Felista, mjane, miguu haimbebi tena. Nyumba yake iko upande wa chini, hatua chache tu kutoka mtaroni. Nikampelekea wifi fomu, akasema, "Ukiandika Monika kwa mtu wa chini, umewapa jina. Siweki saini." Nikashuka kwa mzee. Naye akanitolea macho, "Ukiandika Simoni umeniuza, binti. Usithubutu."

Unajua nilifanya nini? Niliikunja ile fomu nikaitia kwenye mkoba. Nikajiambia acha wapoe kwanza. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu, wa nne. Kila mwezi nachukua fomu mpya, naikunja, naitia mkobani. Na nilijiona mtu wa busara, nisiye na upande! Kwa hiyo dharau nyingine nimejibakizia mwenyewe.

Jumanne nikapata aibu, nikaenda kumwona. Nikamkuta kakaa kitandani, kakonda, amevaa gauni lake la kanisani. Mjukuu wake akaniambia huwa anavalishwa hivyo kila Ijumaa ya kwanza, na safari hii kagoma kabisa kuvuliwa. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, afadhali umekuja. Niombee msamaha kwa padri."

"Msamaha wa nini, bibi?"

"Sijui. Nimejichunguza miezi yote hii, sijaona nilipomkosea. Lakini padri hawezi kumnyima mtu Yesu bila sababu. Mwambie hata kama nimesahau, natubu."

Nilitoka nikalia pale pale mtaroni, watu wanapita wananiangalia.

Nikaenda moja kwa moja kwa wifi, nikamsimulia. Mnadhani alishtuka? Akaniambia, "Paroko anakuja Jumamosi kutukagua. Akiuliza wagonjwa, wewe katibu soma kwamba Bibi Felista alihamia Morogoro kwa mwanae. Tukishapata Monika wetu tutasema karudi." Akainuka kwenda kuongoza rozari. Nikampigia mzee nikidhani yeye ana nafuu. "Katika hilo namuunga mkono mwenyekiti," akasema. Miezi minne hawajakubaliana hata kiti kikae wapi, leo wamekubaliana kwenye uongo!

Mume wangu kanionya nisimwaibishe dada yake mbele ya padri. Nyumba tunayokaa ni ya familia na msimamizi ni huyo huyo wifi, kanikumbusha na hilo. Nilifika hadi geti la parokia nimwone padri peke yake, nikageuza, maana atauliza fomu zilikuwa wapi, na fomu zilikuwa kwangu.

Tafadhali msiniambie nisali. Kusali tunasali sana huku, ndiyo kazi tunayoiweza. Jumamosi nitapewa daftari la jumuiya nisimame nisome mbele ya watu wote, na bibi wa watu yuko nyumba ya pili kutoka mtaroni, anajitafutia dhambi ambayo ni yangu. Nikisema ukweli natimuliwa kwenye nyumba, mie pamoja na watoto wangu. Nikisoma ule uongo, naogopa atakufa akiamini Mungu kamkasirikia. Nyie mngekuwa mie, mngesoma nini?