Sisi wa Mlangoni

Nilisikia harufu kabla sijamwona mtoto. Nilikuwa nimeinama kwenye jiko hapa kwetu Majengo, napuliza mkaa uliogoma kuwaka, baridi ya jioni imeshaanza kung'ata masikio, mara ile harufu ikanipita puani: mkaa uliotwangwa na majani ya maboga yaliyopondwa. Kama ulisoma shule za huku kwetu, huhitaji kuelezwa. Hiyo ndiyo rangi ya ubao. Ubao ukififia, watoto wanatwanga mkaa, wanachanganya na majani, wanausugua mpaka unakuwa mweusi tena, na wao pia.

Anjela, binti yangu wa darasa la tatu, akaingia na mikono myeusi hadi kwenye viwiko, sketi haitamaniki, meno yote nje.

"Mama! Mwalimu kanichagua kiongozi wa kupaka ubao!"

"Mlikuwa mnapaka saa ngapi?"

"Kipindi cha kusoma. Wale wa mkondo A wanasoma, sisi wa C tunapaka. Tumepaka mpaka madarasa ya wakubwa."

"Na jana?"

"Jana tulichota maji."

Nilikuwa nimeshavumilia, jamani, msinione mtu wa shari. Mara ya kwanza nilipokwenda shuleni niliambiwa mtoto ni mzito, nimpe muda. Nikampa. Mara ya pili nikaambiwa huenda akarudia darasa, kwa sababu la nne kuna mtihani wa taifa na shule haitaki wastani wake ushuke. Nikameza. Siku hiyo, kama Anjela angerudi analia, ningembembeleza na mambo yangeishia hapo. Lakini hakulia. Alikuwa anajivuna. Nilikibamiza kifuniko cha sufuria sakafuni, kikazunguka kikipiga kelele mpaka jirani akaita kutoka upande wa pili wa ukuta, "Mama Anjela, kwema huko?"

"Si kwema!" nikamjibu.

Majivuno yale nayajua. Nilikuwa nayo mimi mwenyewe.

Shule yetu ilikuwa kijijini, huku huku juu Ufipa, katikati ya mashamba ya ulezi. Upepo wa mwezi wa sita ulikuwa unatoka sijui wapi, unapita juu ya nyasi bila kuzuiwa na kitu, halafu unaingia darasani kwetu kama mtu aliyeitwa. Mwalimu wetu, Mwalimu Sichilima, alitupanga kwa safu tatu. Wenye akili walikaa dirishani, upande wa jua la asubuhi. Wa kati walikaa katikati. Sisi wengine tulikaa mlangoni, na mlango wenyewe haukuwa na ubao hata mmoja, ni uwazi tu. Watoto hawakosi majina. Dirishani paliitwa Ulaya. Kwetu paliitwa Stendi, kwa sababu ya kuingia na kutoka.

Maana tulikuwa tunatoka kila saa. Maji ya mwalimu yameisha: Stendi. Mbuzi wameingia kwenye bustani ya shule: Stendi. Ubao umefifia: Stendi, chukueni kinu. Mwalimu alikuwa hata hageuki kutuangalia, ananyoosha chaki kuelekea mlangoni huku anaendelea kuwaeleza wa Ulaya habari za kuzidisha na kugawanya. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Watoto tulijaa mpaka wengine wakakaa chini, na yeye alikuwa mmoja. Alichagua wa kuwaokoa, basi.

Na sisi tulifurahi! Hicho ndicho kinachoniumiza hadi leo. Siku alipokuja mkaguzi, tulipelekwa kutafuta kuni tangu asubuhi ili darasa lionekane la kusoma. Tulikaa porini tukila matunda ya masuku mpaka midomo ikanata, tukawahurumia wenzetu waliofungiwa ndani na mtu mwenye miwani. Jioni nilimwambia mama kwamba mimi ndiye ninayejua kutwanga mkaa kuliko mtoto yeyote shuleni. Mama akasema, "Vizuri, mwanangu, angalau unaonekana." Hakusoma, angejuaje?

Kusoma sikujua. Nataka muelewe hapo. Sikuwa na kipaji kilichojificha. Herufi zilikuwa zinanitazama, nami nazitazama, hatuambiani kitu.

Mwaka huo huo nilianza mafundisho ya komunyo ya kwanza pale kigangoni. Katekista wetu aliitwa Vitus, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliyekuja na baiskeli isiyo na breki na kuisimamisha kwa kuigonga kwenye ukuta wa kanisa. Meno ya mbele alikuwa hana, hivyo akisema "Roho Mtakatifu" waliokaa mbele walipata baraka kabla ya wakati. Mimi siku ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kukaa mlangoni. Hakuna aliyenituma. Miguu ilijua kwao.

Akauliza swali, nikanyamaza. Akauliza la pili, nikanyamaza. Akasema, "Wewe, Kristina, hapa mbele." Akawaita na wenzangu watatu wa Stendi, akawahamisha watoto wa dirishani, akatupanga kwenye benchi la kwanza, magoti yetu yakigusana na yake.

Nililia. Niliona nimeadhibiwa mbele ya kanisa zima. Shuleni angalau walikuwa wananificha. Hapa kila kosa langu lilisikika, na kila nikikosea Vitus alinirudishia palepale, "Tena. Tena, binti. Hujasema." Nilipomlalamikia baba, alisema nivumilie, mate hayaui.

Kilichowasha moto ni tangazo lake. Alisema hapeleki kwa paroko mtoto mmoja mmoja. Tutakwenda wote tukiwa tunajua, au haendi mtu. Wazazi wa watoto wa Ulaya wakaja juu. Mama yake Skola, yule Skola aliyekuwa wa kwanza darasani kwetu, alikuwa ameshamshonea mwanawe gauni jeupe lenye mkanda wa utepe.

"Katekista, mwanangu anajua sala zote! Akae anasubiri nini?"

"Anamsubiri Kristina," Vitus akasema, akapanda baiskeli yake.

Kwa hiyo Skola akawa mwalimu wangu, kwa hasira. Alinivizia baada ya misa, akanikalisha nyuma ya kanisa na kijitabu cha sala. Sala ya Baba Yetu nilikuwa naijua kwa mdomo tangu nanyonya, yeye akaweka kidole changu kwenye maneno. Mdomo ukakimbia, kidole kikabaki nyuma.

"Unaimba, husomi!" Akanifinya. "Kidole kiko wapi?"

"Kwenye jina lako."

"Mdomo umeshafika kwenye mkate! Rudi! Unanichelewesha, gauni litanibana!"

Nilirudi, nikafinywa, nikarudi. Sijui ni siku gani hasa mambo yalifunguka. Ninachokumbuka ni kwamba baba alinichukua mjini kuuza ulezi, tukapita kwenye duka fulani, ukutani pamepakwa maneno kwa rangi nyekundu, nami nikapiga kelele, "Mkate!"

"Leo hakuna hela ya mkate," baba akasema bila kusimama.

"Baba, pameandikwa! Pameandikwa mkate!"

Akasimama. Akautazama ukuta, akanitazama mimi. Na yeye hakujua kusoma, hivyo ilibidi amuulize mwenye duka. Mwenye duka akasema ndiyo, mtoto amesoma.

Tulikwenda kwa paroko wote, Skola na gauni lake lililombana kidogo kwapani. Shuleni niliendelea kukaa mlangoni. Mwalimu Sichilima hakujua kama najua kusoma, kwani angelijulia wapi? Kinu kilikuwa bado kinaniita. Nilijisomea kwa kuchungulia, nikafika sekondari ya kata, nikamaliza kidato cha nne kwa alama ambazo sizitangazi. Wenzangu watatu wa lile benchi walisoma sala zao na kuishia hapo.

Miaka yote nilimsimulia Vitus kama kichekesho, mate na baiskeli. Ni jioni ile tu, nikimsugua Anjela mikono kwa sabuni ya mche, ndipo nilipoelewa kwamba yule mtu hakuwa ananiadhibu. Alikuwa ameisogelea kazi yake pale ilipo. Nami nilimchukia kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kuachwa, nikadhani kuachwa ndiko kupendwa.

Asubuhi yake nilikwenda shuleni kwa mara ya tatu.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, Mama Anjela. Ni lile lile?"

"Ni lile lile."

Alinieleza kwa upole kwamba watoto wana vipaji tofauti, wengine ni wa vitabu na wengine ni wa mikono. Nikamuuliza kama wa vitabu hawana mikono. Hakupenda. Akasema kama nina ombi maalumu niliandike, atalipeleka kwenye kamati.

Sikuandika ombi. Niliandika barua ya malalamiko, nakala mbili, moja ya kamati ya shule, nyingine ya afisa elimu kata. Karani wa ofisi ya kata aliisoma yote kwa kalamu mkononi.

"Dada, weka 'maombi' hapa juu. 'Malalamiko' ni kali."

"Gonga muhuri wa kupokelewa, kaka yangu."

Akagonga. Hivi ndivyo ilivyosomeka:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU WANAFUNZI WA MKONDO C KUTOLEWA DARASANI WAKATI WA VIPINDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa Anjela, darasa la tatu, mkondo C. Nalalamika kwamba mwanangu na wenzake wanapewa kazi za shule nzima wakati wenzao wanafundishwa kusoma. Nataka kazi hizo zigawanywe kwa mikondo yote na zifanyike baada ya vipindi. Nataka kabla ya kuniambia arudie darasa, nionyeshwe amefundishwa nini katika darasa hili. Simlalamikii mwalimu kwa kusema mtoto wangu ni mzito kuelewa. Ni kweli, ni mzito. Ndiyo maana nilimleta shule.